King'ora cha Bwawa

Kitanda cha mtoto kililia kwii gizani. Mama akamnong'oneza mumewe, mlinzi wa milango ya bwawa: "Ukifungulia maji, king'ora kipige kidogo tu. Homa ndiyo kwanza imemwachia alale."

Asubuhi, kwenye basi la kwenda zahanati, mkulima aliyeketi mbele ya Mama na mtoto alikuwa akimlalamikia jirani yake. "Vitunguu nilivyoanika kando ya mto vyote vimezolewa na maji, kaka. King'ora kilikohoa kikanyamaza, nikadhani wanakijaribu."

"Lakini taa za umeme wa bwawa hukukosa, dada."

"Nitawalisha wanangu taa?"

Mama, uso ukimwaka kwa aibu, aliinama kumfunga binti yake kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Basi likasimama.

"Baba yangu ndiye anayepiga king'ora," mtoto akasema.