Nyumba ya Pili Baada ya Duka la Dawa

Kosa la Shemasi Luther Gaskins lisemwe mapema, kwa kuwa Mungu analijua na mwenyewe hakutaka lifichwe: Jumamosi aliulizwa njia na mgeni, akamjibu bila kuinuka. Jumatatu asubuhi alikuwa ameketi pale pale, kwenye benchi chini ya ngazi za kituo cha treni ya juu, Filadelfia ya magharibi, kikombe cha karatasi mkononi, kahawa haijaguswa. Kulia kwake alikuwa Breki, aliyeendesha tramu miaka thelathini na mmoja na mpaka leo akikasirika hukandamiza mguu wa kulia chini. Kushoto alikuwa Gavana, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kuwa mweka hazina wa kwaya, lakini huongea kama mtu aliyeapishwa. Treni ilipita juu ya vichwa vyao, wakanyamaza mpaka ikaisha, kama desturi yao. Nyuma ya kona, nyumba ya Bibi Odessa Pettiford haikuwepo tena.

— Haipo, alisema Breki. Nimepita saa kumi na mbili. Zimebaki zile ngazi tatu za mawe meupe alizokuwa akizisugua. Unapanda, unafika hewani.

— Usiseme hivyo, kaka.

— Nasema nilichoona, Gavana. Mguu wa kitanda chake umechomoza kwenye matofali.

Shemasi alikuwa ameuona tangu jana. Bibi Odessa alikwenda Savannah, mji wa kusini, kwa dada yake, wiki tatu, akamwachia kazi ya kumwagilia nyanya zake nyuma ya nyumba. Jumapili jioni, baada ya ibada, Shemasi alikata kona na ndoo ya maji, akasimama mpaka maji yakamwagikia viatu. Mtaa mzima ulikuwa kanisani tangu asubuhi. Nyumba za jirani hazina watu. Hakuna aliyekuwepo wa kupiga kelele.

— Mimi nasema ni treni, aliendelea Breki. Miaka yote inatikisa misingi ya watu. Haba na haba.

— Haba na haba hujaza kibaba. Haibomoi nyumba.

— Kibaba kikijaa kinapasuka.

— Si treni, ni mto, alisema Gavana. Chini ya mtaa huu kuna mto. Wazee wa zamani waliuzika ndani ya bomba, wakajenga juu yake. Marehemu bibi yangu alisema utakuja kudai njia yake.

— Mto unazamisha. Pale kuna alama za minyororo ya mashine. Umewahi kuona mto wenye minyororo?

— Basi ni matajiri. Wanataka kujenga mnara wa vioo, ghorofa arobaini, wanaanza na mjane. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Hiyo inahusiana na nini?

— Itahusiana baadaye. Au sikiliza hii: amepata mume huko Savannah, akaagiza nyumba imfuate, tofali kwa tofali.

— Na kitanda akakiacha?

— Mtu ana mume mpya, kitanda cha zamani cha nini?

Breki alicheka kidogo, akauona uso wa Shemasi, akaacha.

— Shemasi, tuombee basi.

— Nimeomba. Kuna neno sijalisema.

Mguu wa Breki ukakandamiza lami taratibu.

— Ngojeni. Yule mtu wa Jumamosi, mwenye kofia ngumu ya njano. Si aliuliza ile nyumba mbovu ya kubomolewa, akasema haina namba?

— Na akaelekezwa vizuri, alisema Gavana. Nilisikia kwa masikio yangu. Nyumba ya pili baada ya duka la dawa. Hapo hata kipofu anafika.

— Nani alimwelekeza?

— Mimi, alisema Shemasi.

— Na ulisema kweli, Shemasi. Duka la dawa, nyumba ya kwanza, ya pili ndiyo ile mbovu.

— Gavana, aliuliza Breki, duka la dawa liko wapi?

— Si lile pale?

Gavana alinyoosha kidole, na kidole kikabaki kimenyooka. Pale pa kona palikuwa na majani na godoro lililotupwa. Duka la dawa liliungua miaka kumi na mmoja iliyopita, lakini hakuna mtu wa mtaa ule aliyeacha kuelekeza watu kwalo. Ndivyo walivyoelekezana: kwa tanuri la mikate lililofungwa, kwa sinema iliyogeuka kanisa, kwa shule iliyobomolewa. Mgeni hakuwajua marehemu wao. Yeye aliona duka la dawa jipya, lililofunguliwa Pasaka upande wa pili wa mtaa, akahesabu kuanzia hapo. Na Bibi Odessa alikuwa amebandua namba za mlango ili aupake rangi, akasafiri bila kuzirudisha.

Treni nyingine ikapita.

— Ulikuwa na kahawa mkononi, alisema Breki ilipokwisha.

— Nilikuwa nayo. Ni hatua mia mbili tu kumfikisha. Nikasema moyoni, itapoa.

— Mtu wa kazi hutembea na karatasi yake, alisema Gavana. Uzembe ni wake. Sisi tutasema mto.

— Hatutasema mto.

— Shemasi, hakuna aliyesikia ila sisi watatu.

— Watatu na Mungu.

Ngazi za kituo zikalia. Magurudumu ya sanduku yaligonga kila kidato, tak, tak, tak, na Bibi Odessa akatokea, kofia nyeupe kichwani, mfuko wa matunda ya Savannah kwapani. Aliwatazama mmoja mmoja, akatabasamu.

— Mnangojea treni au mnaikalia tu, wazee wangu? Shemasi, nyanya zangu zimeiva?

Gavana akatazama ndani ya kikombe chake. Mguu wa Breki ukatafuta breki, haukuipata.

Shemasi akainuka. Alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya benchi, mahali alipokuwa ameketi yeye. Ndani yake mlikuwa na nyanya tatu, mbichi bado, zina vumbi jekundu la matofali.

— Odessa, alisema, naye hakuwahi kumwita hivyo mbele za watu. Nakuomba uketi hapa, unisikilize mpaka nimalize.