Tingatinga la Dakika Kumi

Benchi la kijiweni lilikuwa limeegemezwa ukuta wa kinyozi, na mguu wake wa nne ulikuwa tofali. Mtu akiinuka ghafla upande huu, wa upande ule anakwenda chini na kikombe chake, kwa hiyo pale watu huagana kwanza ndipo wakasimama. Saa tisa mchana walikuwa wameketi watatu. Breki, dereva mstaafu wa malori, aliitwa hivyo kwa sababu akianza kusema hana. Wembe ndiye kinyozi mwenyewe, na muda huo alikuwa amemwacha mteja kitini na povu shavuni. Katikati yao alikaa Nozeli, fundi wa pampu za dizeli, grisi imemkaukia mpaka viwikoni, macho hayabanduki kwenye lango la ng'ambo. Ndani ya lango hilo lilisimama tingatinga kuukuu la minyororo, mali ya marehemu baba yake. Dada yake mkubwa aliutaka uwanja ule ajenge karakana ya magodoro, na neno lake lilikuwa moja tu: likitoka kwa nguvu zake lenyewe mpaka barabarani bila kuzimika njiani, litabaki zima, saa kumi likiwa bado ndani, watu wa gesi ya kukatia vyuma watalikata vipande. Kwa mwendo wake, safari hiyo ni robo saa. Na tangu asubuhi lilikuwa likiwaka, likinguruma kama zamani, likitembea dakika kumi, kisha likizimika.

— Pampu haina kosa, alisema Nozeli kwa mara ya saba. Nimeifungua mara tatu. Kila kipande nimekiosha kwa dizeli safi, nimekipanga juu ya kitambaa cheupe. Hata mke wangu nilimkataza kukohoa.

— Kwa hiyo akakohoa nje? aliuliza Wembe.

— Akaenda kukohoa kwao. Amerudi jana.

Muuza kahawa alicheka, akawaongeza vikombe. Nozeli hakucheka. Kazi hiyo ya kuosha vipande alifundishwa na baba yake akiwa bado anapanda kiti cha tingatinga kwa kuinuliwa, na tangu hapo watu walimletea pampu kutoka mbali, zimefungwa kwenye mashuka kama watoto wachanga. Leo ya nyumbani kwake ndiyo inamvua nguo hadharani.

— Mafuta yapo? alidakia Breki.

— Si umelijaza tangi mwenyewe juzi?

— Nimelijaza, lakini nauliza kwa utaratibu. Haya. Linazimika wapi?

— Pale pale, penye mpera.

— Na ukilipumzisha?

— Tukinywa kahawa raundi moja, tukirudi, linawaka kama halijafanya kitu. Nalirudisha mwanzo, naanza upya, dakika kumi nyingine, kwisha.

Wembe alipiga paja.

— Basi jibu si hilo? Linataka kahawa! Mashine ya umri ule ina mazoea yake. Baba yako alikuwa akishuka saa ngapi kunywa?

— Acha utani, Wembe.

— Sikutanii, bwana. Mimi nina mkasi kule ndani, nisipoupumzisha haukati hata uzi.

— Mkasi wako haukati kwa sababu ni butu, alisema Breki. Nisikilizeni mimi niliyezunguka. Nimeendesha lori miaka thelathini na moja. Chuma kina kumbukumbu. Huyu marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa akisimama penye mpera ule kila jioni kumsalimia mama yake Nozeli, enzi hizo bado binti wa watu. Kila jioni! Injini inanguruma, yeye yuko pale anang'ang'ania salamu. Sasa chuma kimeshika: hapa ni kituo.

— Mpera wenyewe umepandwa mwaka juzi, alisema Nozeli.

— Nazungumzia mahali, sizungumzii mti.

— Na hilo lori lako, aliuliza muuza kahawa, lilikuwa linakumbuka nini?

— Lilikuwa linakumbuka mengi, ndiyo maana nikalistaafisha kabla halijakutana na mke wangu.

Kutoka ndani ya duka la kinyozi sauti ilipaa:

— Kinyozi! Povu limekauka!

— Lilambishe maji kidogo, baba, nakuja! alijibu Wembe bila kugeuka. Halafu akainama karibu na Nozeli, uso umekuwa wa mganga, akanong'ona: Sikiliza, mzee mwenzangu. Lile linaogopa barabara. Limekaa uwanjani miaka tisa. Hata wewe ukifungiwa miaka tisa, siku ya kutolewa utazimika mlangoni. Litoe kinyumenyume.

— Kinyumenyume?

— Lisijue linakwenda wapi.

— Na mataa tuyafunge gunia, aliongeza Breki, maana lina macho mawili makubwa mbele.

Aibu aliyoiona Nozeli ni kwamba alianza kulifikiria hilo. Mtu mzima, mwenye jina lake, alikuwa anapiga hesabu za gunia kichwani. Alipoona anatafuta na kamba, alijua amefika mwisho wa akili zake.

— Pampu nimeikagua, alisema polepole, kana kwamba anajihoji mwenyewe. Chujio jipya. Mipira ya paipu mipya. Upepo wote nimeutoa. Hewa ndiyo adui wa dizeli. Tone moja la hewa likiingia kwenye pampu, kazi yote bure. Nimeziba kila mahali. Sijaacha hata nafasi ya sindano.

Wakati huo alifika mwanamke mmoja na kikapu, akasimama kando ya benchi. Ni mpangaji mpya wa kibanda cha pembeni, muuza mafuta ya kula ya kupima. Alikuwa na siku ya tatu tu mtaani. Aliomba kahawa, akainywa amesimama, akisikiliza. Benchi lilikuwa na nafasi, lakini alikuwa ameshaliona lile tofali.

— Samahani kaka zangu, alisema. Hicho mnachokizungumza kinakunywa mafuta kutoka wapi?

— Kwenye tangi, dada, alisema Breki kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni. Lile pipa la nyuma ya kiti.

— Na limefungwa?

— Kabisa, alisema Nozeli. Kifuniko nimekitia risasi ya kulehemu mwenyewe. Kilikuwa na kijitundu juu, kutu imekila, nikakiziba.

Mwanamke aliweka kikombe chini.

— Mimi debe langu la mafuta nikilitoboa tundu moja tu, yanatoka kidogo, kisha yanagoma. Lazima nitoboe na la pili juu, hewa ipate kuingia. Sasa hilo tangi lenu, tundu la pili liko wapi?

Breki alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, akaufunga bila kutumia. Muuza kahawa alibaki ameinamisha birika hewani, kikombe cha mtu kikafurika.

Nozeli aliinuka bila kuaga. Breki na upande wake wakaenda chini.

Alivuka barabara mbio, msumari mmoja mkononi na nyundo aliyoinyakua kibandani kwa muuza mafuta. Alipanda juu ya mnyororo, akashika kile kifuniko alichokirembesha kwa mikono yake, akakizungusha. Kikagoma. Akakizungusha tena, kikatoa mlio mrefu, fyuuuu, kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana. Nozeli alikaa kitini kwa baba yake, akajicheka peke yake mpaka mabega yakatikisika. Mwezi mzima alikuwa akiifukuza hewa, kumbe kitu kilikuwa kinakufa kwa kukosa hewa. Kisha akakitoboa kifuniko, pigo moja, palepale alipokiziba.

Tingatinga liliwaka. Moshi mweusi, halafu wa kijivu, halafu hakuna. Minyororo ikaanza kuimba. Kijiwe kizima kilisimama langoni, hata mteja wa Wembe, nusu ya uso ina ndevu na nusu haina. Lilipoufikia mpera hakuna aliyepumua. Liliupita, matawi yakakwaruza boneti, likaendelea.

— Dakika ya kumi na moja! alipiga kelele Wembe.

— Ya kumi na mbili, alisema Breki, akijipangusa kahawa kifuani. Mimi nilisema tangu mwanzo ni kifuniko.

Barabarani, gari la watu wa gesi lilikuwa limeshafika na kuegeshwa katikati ya lango, mitungi yao miwili imeanza kushushwa. Mbele yake alisimama dada mkubwa, mikono kiunoni, kilemba kimeteleza. Alilitazama lile dude likimjia kwa mngurumo alioamka nao asubuhi zote za utoto wake, na mdogo wake juu, mweusi kwa grisi, meno yote nje. Midomo ikamcheza. Kisha akawageukia wale vijana wa mitungi, akapiga kofi ubavu wa gari lao:

— Nyie! Sogezeni hiki kigari chenu! Hamwoni linataka kupita?