Mzee Namba na Mabakuli ya Ukutani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Anayepika apunguze moto kidogo, anayefua aache nguo ziloweke. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wetu tumekula matunda ya kazi yake bila kumfahamu. Mtaani tulimwita Mzee Namba. Alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kulinganisha nyanya ndogo. Narudia, msije mkadhani ulimi wangu umeteleza: kulinganisha nyanya ndogo, zile zinazoingia mdomoni nzima nzima.

Najua kuna aliyecheka. Cheka tu. Hata mkewe alicheka siku ya kwanza alipomuuliza anafanya kazi gani.

Lakini wakulima wa ushirika wa mboga hawakucheka. Wao wanauza mjini, na ukipanda aina mbaya, msimu wako wote umekwenda na maji. Kwa hiyo kila msimu Mzee Namba aliwapandia aina kumi na mbili nyuma ya nyumba yake. Mistari kumi na miwili, udongo mmoja, siku moja, maji ya ndoo ileile. Alihesabu vichala. Alipima uzito kwa mizani ya jikoni. Alifunga kreti nyuma ya baiskeli, akazipitisha nyanya kwenye barabara yenye mashimo kwenda na kurudi, kisha akakaa chini kuangalia zipi zimepasuka.

Na hakuzitaja kwa majina. Majina aliyafungia kwenye bahasha, bahasha akaifungia kabatini, ufunguo akampa mkewe. Alisema jina tamu kwenye pakiti ya mbegu humlaghai hata mtaalamu. Basi ilikuwa namba moja mpaka namba kumi na mbili, hadi msimu uishe. Ndiyo maana akaitwa Mzee Namba, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Mgeni akipiga hodi alimjibu, "Karibu, namba tatu!" Namba moja alikuwa mkewe. Namba mbili alikuwa binti yao. Yeye mwenyewe hakuwa na namba. "Mimi ndiye ninayehesabu," alisema.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wakulima hawakulijua. Miaka mingi nyuma Mzee Namba aliugua homa kali, ikamlaza wiki tatu. Alipona kila kitu isipokuwa kimoja. Hakusikia tena harufu, wala hakusikia tena ladha. Chumvi kwake ilikuwa mchanga, chai ilikuwa maji ya moto. Mlinganishaji wa nyanya asiyesikia ladha ya nyanya! Aliyejua ni mkewe peke yake.

Mkewe hakupiga kelele. Alivuta kiti mezani akasema, "Wewe leta visahani, ulimi ninao."

Hapo ndipo kazi yao ikawa ya watu wawili. Kila siku ya kuonja, saa nne kamili asubuhi, mzee alipanga visahani kumi na viwili kwenye meza ya jikoni, na glasi ya maji ya kusuuza mdomo. Mkewe alifumba macho. Alionja, akatoa hukumu, na mumewe akaandika kwenye safu ya daftari iliyoandikwa "Mwonjaji".

Binti yao anayakumbuka maneno ya mama yake. "Mama alikuwa anasema, 'Hii ina haraka, utamu unafika kabla sijatafuna.' Nyingine alisema, 'Hii imelala, msiiamshe.' Na ikiwa mbaya kabisa alisema, 'Hii mpe mtu asirudi tena.' Baba aliandika kila neno. Hata kikohozi chake angekiandika."

Wakulima waliposoma ripoti walimsifu Mzee Namba kwa ulimi wake. Hakuwadanganya. Ila hakuwaambia.

Miaka sita iliyopita, mkewe alifariki. Aliugua siku chache tu. Binti alikuwa ameshapata kazi mbali. Alikuja, akazika, akakaa wiki mbili, akarudi kazini. Alimpigia baba yake simu kila Jumapili. "Nyanya zinaendelea vizuri," ndilo lilikuwa jibu lake la kila Jumapili. Binti anasema hakuwahi kumuuliza, na yeye je, anaendeleaje? Anasema hilo linamuuma mpaka leo.

Msimu ule, ilipofika siku ya kuonja, saa nne kamili asubuhi, Mzee Namba alipanga visahani kumi na viwili. Akaweka glasi ya maji. Akavuta kiti cha mkewe kidogo nyuma, kama alivyozoea, apate kukaa. Kisha akakaa yeye upande wa pili, kalamu mkononi, akasubiri. Alikaa hivyo mpaka maji ya kwenye glasi yakapata joto. Mwishowe alichukua nyanya moja akaitafuna, akasikia maji yenye ganda. Akaiangalia safu ya Mwonjaji. Ilikuwa wazi.

Akaijaza. Aliijaza kwa maneno ya mkewe. "Hii ina haraka." "Hii imelala." Alikisia tu, kwa rangi, na kwa kipimo cha kifaa kidogo alichokuwa nacho cha kupimia sukari ya matunda. Baadaye alimwambia binti yake, "Kuiacha safu ile wazi ilikuwa kama kumzika mara ya pili." Wasikilizaji wapendwa, hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Nalirudia kwa sababu yeye mwenyewe alitaka lisemwe: aliandika ladha ambayo hakuna mtu aliyeionja.

Msimu huo ilishinda namba nne. Ilikuwa nyekundu ya kung'aa, ngozi ngumu, imepita barabara ya mashimo bila hata moja kupasuka. Kifaa kilisema sukari ipo. Mzee aliandika, "Ina haraka." Wakulima wakaipanda shamba baada ya shamba. Sokoni wanunuzi waliuma moja, wakaangaliana, wakairudisha nusu. Ilikuwa maji matupu. Kreti zilirudi zimejaa kama zilivyokwenda.

Mwenyekiti wa ushirika ni mama mmoja asiyejua maneno ya kuzunguka. Alikwenda nyumbani kwa Mzee Namba na nyanya nne kwenye mfuko wa gauni. Amekubali tuyaseme waliyoambiana.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Karibu, namba tatu."

"Leo sikuja kwa utani. Hii namba nne, uliionja?"

"Niliandika kwamba ni tamu."

"Sijakuuliza uliandika nini. Uliionja?"



"Mimi sisikii ladha, mama. Ni miaka mingi sasa. Aliyekuwa anaonja ni mke wangu."

"Lakini mkeo..."

"Ndiyo," alisema mzee. "Ndiyo."

"Nilitaka kumfokea," mwenyekiti ametuambia, "na nilitaka kumshika mkono. Sikufanya hata moja. Niliweka zile nyanya nne mezani, nikaondoka. Mezani kulikuwa na visahani viwili vya chakula, kimoja hakijaguswa, mbele ya kiti cha mkewe. Nilikiona, nikaondoka vilevile."

Wiki iliyofuata Mzee Namba aliomba mwenyewe kusimama mbele ya mkutano wa wakulima. Alipiga moyo konde, akasema yote, tangu homa mpaka daftari. Wapo waliosonya. Wapo waliomhurumia. Lakini baada ya mkutano hakuna aliyekwenda tena kuangalia mistari yake, na yeye hakumlaumu mtu.

Mwingine angeng'oa miche akauza kreti. Yeye alinunua mabakuli kumi na mawili ya plastiki.

Nyuma ya nyumba yake kuna ukuta mfupi, na kando ya ukuta kuna njia ya watu wanaokwenda kazini. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alipanga mabakuli juu ya ukuta, kila bakuli na namba yake, kila bakuli nyanya thelathini. Kwenye kipande cha boksi aliandika: "Onja. Ni bure. Chukua unayoipenda." Saa nne alitoka, akahesabu zilizobaki. Basi. Ulimi mmoja umekufa, akaazima ndimi za mtaa mzima.

Wiki ya kwanza watu waliyaogopa yale mabakuli kama mtego wa panya. Nani anatoa kitu bure siku hizi? Wiki ya pili fundi cherehani wa ng'ambo ya njia alijaribu moja, akasimama kusubiri kama atadondoka. Hakudondoka. Akarudi kuchukua tano.

Na Mzee Namba alikuwa wapi? Alikuwa ndani, nyuma ya pazia la dirisha la jikoni, daftari mapajani. Binti yake alimuuliza kwenye simu, "Baba, kwa nini usikae nje, ukapiga soga na watu?" Akamjibu, "Nikikaa nje watasema tamu kwa adabu. Nataka ukweli, mwanangu. Sitaandika tena kitu kisichokuwepo."

Fikirini hilo kidogo. Mtu mwenye kiu ya watu, na kazi yake ikamtaka ajifiche watu wasimwone. Kwa miaka minne mtaa mzima ulikula ukutani kwake, na chumba chake kilikuwa na sauti moja tu, ya redio.

Bakuli lililoisha mapema kuliko yote lilikuwa la namba tisa. Namba tisa haina sura. Ina rangi ya chungwa iliyopauka, na ukichelewa kuivuna inapasuka shingoni. Wala yeye binafsi asingeichagua kwa macho. Lakini msimu wa kwanza iliisha mapema. Msimu wa pili, aina zilezile na namba zilezile, vilevile. Alipojiridhisha aliwaandikia wakulima barua fupi. "Namba tisa. Sikuionja mimi. Imeonjwa na wapita njia, hesabu zote hizi hapa. Ivuneni mapema, la sivyo itapasuka." Msimu huu wakulima wameipanda. Wamefungua bahasha na jina lake halisi wanalijua, lakini sokoni wauzaji na wanunuzi wote wanaiita namba tisa, na kreti hazirudi. Mwenyekiti alimtumia ujumbe wa shukrani. Alimwahidi kwamba mavuno yakiisha atakwenda kumwona. Mavuno hayajaisha.

Jumatano, saa saba mchana, fundi cherehani aliona mabakuli ya Jumanne bado yako ukutani. Matupu, na mzee hajayaingiza. Haijawahi kutokea. Alivuka njia, akagonga mlango. Alikuwa mtu wa kwanza kuugonga mlango ule kwa muda mrefu, na hakukuwa na wa kumjibu.

Binti ameniletea daftari hapa studio, liko mbele yangu. Nilitegemea hesabu tu. Hesabu zipo. Lakini pembeni, kwenye safu ya Mwonjaji, mzee aliandika watu. "Mama wa mwavuli: amechukua mbili za namba tisa, amemfichia mwenzake moja. Hakuniona." "Mpiga rangi: ameonja zote kumi na mbili, amechelewa kazini. Kicheko kizuri." "Fundi cherehani: ameimba." Kurasa na kurasa. Na chini ya kila siku mstari mmoja uleule: "Hakuna aliyegonga."

Kuna ukurasa mwingine, wasikilizaji wapendwa, ambao nimeombwa na binti niusome au niuache, kama roho yangu itakavyopenda. Nitausoma. "Yule wa redioni, begi jekundu. Nimeijua sauti yake, alikuwa anaongea na simu. Amechukua tatu za namba tisa, akasema, hii ina haraka. Maneno yaleyale ya mke wangu! Niliinuka mpaka mlangoni. Nikashika kitasa. Kama angegonga ningemwambia, karibu, namba tatu. Ameondoka. Hakuna aliyegonga."

Begi jekundu ni langu. Nimepita ukuta ule kila asubuhi kwa miaka minne nikija hapa kuwaambia nyinyi habari za asubuhi. Nimekula nyanya za mtu, nikafuta mikono, nikaenda zangu. Sikuwahi kujiuliza anayeyajaza mabakuli ni nani. Nina aibu, na sitaificha.

Kwa binti wa marehemu, kwa mwenyekiti na wakulima wote wa ushirika, kwa fundi cherehani, na kwa wote mliokula ukutani pale, kituo hiki kinawapa pole. Mungu ampumzishe Mzee Namba. Na wewe unayenisikiliza, tafakari: njiani kwako pana mlango gani unaoupita kila siku kwa sababu haujafunguliwa? Mwenye nyumba huenda amesimama upande wa pili ameshika kitasa.

Mabakuli hayapo tena ukutani. Lakini binti yake yuko ndani ya nyumba ile mpaka Ijumaa, peke yake, anafungasha visahani. Kesho asubuhi nitapita njia ileile, na begi langu lilelile. Nitagonga.