Gari la Marehemu Lakataliwa kwa Moshi

“Wakaguzi wa moshi wa magari wamelifelisha tena!” mzee Hrant alimfokea mama aliyeketi naye, mtu asiyemjua hata jina, ndani ya basi la mji wa Glendale. “Gari la spoti la marehemu kaka yangu! Nimelifungia ekzosi mpya, bado wanadai moshi wake mchafu. Na yale malori ya bandarini je, yanatoa marashi?”

Nilikuwa nyuma yao, lakini hata dereva alisikia.

“Pole, mzee wangu,” mama alisema. “Ila binti yangu ana pumu.”

“Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua? Naliendesha Jumapili tu, kwenda makaburini!”

“Hata Jumapili anapumua, mzee wangu.”

Hrant alifungua mdomo amjibu, lakini basi lilishasimama, na mama alikuwa ameshashuka.