Elarif Katajwa Mara Mia Mbili na Kumi na Mbili

Mnisamehe mapema, kisa hiki nitakivuruga. Kilistahili msimulizi mwenye kumbukumbu, aliyepatikana ana mdomo tu. Ulikuwa mwaka wa sita tangu mamluki wa kigeni waingie nchini. Pale Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, kwenye baraza la mawe karibu na Msikiti wa Ijumaa, Hamidou alikaa na barua ya mwanawe Elarif, mkemia aliyeko Ufaransa, anayechunguza mafuta ya mlangilangi, ua la manukato. Ili kumwongezea mkataba, chuo chake kilitaka karatasi moja kutoka nyumbani: mchemshaji yeyote wa mafuta hayo atie sahihi kwamba utafiti unamfaa. Msafiri wa kuipeleka alikuwa anaruka adhuhuri ya siku hiyo. Barua ingefika mapema, ila walinzi wa uwanja wa ndege waliikalia wiki tatu, wakidhani michoro ya kikemia ya pembe sita iliyomo ni ramani ya kambi yao. Hamidou aliitwa mara nne kuieleza. Alichoka hata kuogopa.

— Hebu zisome tena zile hesabu, alisema Youssoufa, waliyemwita Kadhi kwa sababu hajawahi kuamua neno lolote.

— Makala kumi na tisa, akajibu Hamidou, kwa sauti ya mtu aliyeyasema hayo sokoni, harusini na hadi mazikoni. Na wataalamu wenzake wamemtaja kwenye makala zao mara mia mbili na kumi na mbili.

— Wajapani wamo?

— Thelathini na mmoja.

— Lo! Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo inaingiaje hapa, Kadhi?

— Manukato hukaa wapi? Si nguoni?

Combo, dereva wa teksi wa mtaa wa Magoudjou, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, alishusha kikombe.

— Hamjui kitu nyie. Ni kama anda. Ukishafanya harusi kubwa hiyo, kila mzee akisimama kusema sharti akutaje kwanza, hata kama hakupendi. Elarif kafanya anda mara mia mbili!

— Bila ng'ombe hata mmoja?

— Kwa mvuke wa chupa, Kadhi! Tena sikilizeni, akainama, hawa mamluki wenye sare nyeusi walifuata mafuta yake. Tone moja likidondoka kambini, jeshi zima linasahau vita, linataka kuoa.

— Mbona bado wapo?

— Si ndiyo wameoa!

Hamidou hakucheka. Jana alikuwa amefika hadi kijiji cha Vouvouni. Wachemshaji watatu, majibu matatu, yote hapana. Nani siku hizi atie sahihi karatasi ya kwenda nje?

Hapo ndipo Salimou alipokaa, mchemshaji wa Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, aliyevuka bahari kuja Moroni kutafuta bomba la shaba la mtambo wake.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! akapaza Kadhi, na kwa mara ya kwanza methali yake ikakaa mahali pake.

Salimou aliisikiliza habari yote, akafuta mkono kwenye kanzu, akashika kalamu.

— Natia. Ila, kaka Hamidou, wale wa uwanjani wakiniuliza, niwe na la kusema. Mwanao kagundua nini?

Redio akachungulia kikombe chake. Kadhi alitafuta methali, akakosa.

— Kagundua… mambo ya mafuta, akasema Hamidou.

— Mafuta nayajua. Nichemshe saa ngapi? Maua niyachume alfajiri au jua likipanda? Yeye anasemaje?

— Lakini makala si unazo? Redio akamgeukia Hamidou. Kila mwaka posta wanakupa bahasha!

— Zote kumi na tisa.

— Kimbia ukazilete, bwana! Saa tano hii!

Hamidou hakuinuka.

— Ziko kwenye sanduku la anda ya Elarif, pamoja na dhahabu na vitambaa. Nilitaka siku hiyo zipitishwe mitaani juu ya vichwa, watu wazione. Nimeliweka kwa dada yangu Bahia, Mutsamudu.

— Bahia gani? akauliza Salimou. Wa mlango wa kijani, nyuma ya msikiti?

— Huyo huyo.

— Mimi na yeye tumepakana ukuta!

Salimou aliilaza kalamu juu ya jiwe kabla ya kutia sahihi, polepole, kama anayeogopa kuiamsha. Buli likainamishwa, yakatoka machicha ya chai tu.

— Na juu ya kila bahasha, akasema Hamidou, Elarif aliandika kwa mkono wake: "Baba, wape wachemshaji wasome."

— Ukafanyaje?

— Nikasema, mtoto huyu nimemlea vizuri. Nikafunga sanduku.