Sista Gerhus, Aliyeandika Kitabu cha Kutuagia

Kwa niaba ya Mama Mkuu na masista wote wa Lindenbrunn, nawashukuru mliofika kutufariji, na naomba msikilize kwa ufupi maisha ya dada yetu, ingawa yeye mwenyewe hakupenda ufupi, wala hakuwahi kubania wino.

Sista Gerhus alizaliwa Esslingen, siku ya Mtakatifu Martino, mwaka 1421, mtoto wa pekee wa Burkhard mtengeneza ngozi na mkewe Mechthild, na alipokuwa na miaka tisa, wakati wa mavuno ya zabibu, nyumba nzima ilikwenda shambani ikamwacha mama yake kitandani na homa iliyodhaniwa ndogo, wakarudi jioni na vikapu vyao wakamkuta ameshakuwa baridi, na tangu siku hiyo Gerhus alikuwa na hofu moja tu duniani, kwamba mtu aweza kuondoka pasiwe na hata mmoja wa kumshika mkono.

Aliletwa kwetu Pentekoste ya mwaka 1432, akafundishwa Kilatini, kuimba, na kuchonga kalamu za manyoya ya bata bukini, na siku ya Mtakatifu Agnesi mwaka 1438 aliweka nadhiri, akavishwa shela nyeusi, ndiyo ndoa yake, nayo aliitunza bila malalamiko isipokuwa ya baridi.

Kazi yake ilikuwa kuandika. Vitabu vya kwaya alivyoviandika ni vingi, lakini alichokipenda kama mtoto wa mwisho ni hiki kidogo nilichokishika, cha ngozi ya ndama, chenye sala za kumtoa mtu duniani na kumlaza kaburini, kidogo makusudi, ili mkono mmoja ukishike na mwingine ubebe mshumaa. Maneno ya kusali aliyaandika kwa wino mweusi, na maagizo kwa wino mwekundu, na agizo la kwanza mnalijua hata ninyi majirani, maana mmelisikia likitimizwa kutoka ng'ambo ya ukuta: sista akifikia kufa, ubao wa mlangoni mwa chumba cha wagonjwa ugongwe, na wote, ambao siku nyingine zote wamekatazwa kukimbia, waje mbio huku wakisali Nasadiki. Hapo aliongeza lake mwenyewe, "hata kama mkate uko tanurini." Padre mkaguzi alipoliona akasema, "Sista, kanuni haikutaja mkate," akaagiza likwanguliwe, naye akalikwangua kwa kisu siku ileile, kwa utii, lakini ngozi ya ndama haisahau upesi, na ukikiinamisha kitabu kwenye mwanga wekundu wake bado unaonekana.

Watoto wa kuzaa hakujaliwa, ila alilea wanovisi wengi, wasichana wanaojifunza usista, na aliyemsumbua zaidi, kwa hiyo aliyempenda zaidi, ni Sista Kunigund wa jikoni, ambaye alishindwa Kilatini akamudu unga.

Kwaresima ya mwaka huu, 1487, miguu yake ilianza kuvimba, pumzi ikawa nzito, na mara tatu ubao uligongwa tukakimbia, tukamlaza chini juu ya majivu kama kitabu kinavyotaka, na mara tatu akarudi. Mara ya kwanza alifumbua macho akamwambia kiongozi wa kwaya, "Umeruka mstari, mwanangu," mara ya pili aliomba mchuzi wa njegere, na mara ya tatu, nasema kwa huzuni, wengine walikuja wakitembea, naye Kunigund akanong'ona mlangoni, "Huyu naye, anaaga kama mgeni asiyetoka kizingitini." Wanasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini lile lilisikia. Gerhus alisema, "Nikiwasumbua tena, Kunigund, msikimbie, mje polepole tu," kisha akageukia ukutani, na aliyekuwa akimuuguza, Sista Adelheid, alimwona akilia kama mtoto wa miaka tisa.

Jumamosi iliyopita, mikate ya wiki nzima ikiwa ndiyo kwanza imeingia tanurini, Sista Adelheid aligonga ubao mara ya nne. Wa kwanza kufika alikuwa Kunigund, sepetu ya mikate ingali mkononi, shela imekwenda upande, na nyuma yake wote, wazee kwa vijana, wakihema Nasadiki. Gerhus aliwatazama mmoja mmoja, harufu ya kuungua ikafika chumbani, akasema kwa shida, "Kunigund, mkate."

Kunigund akapiga magoti majivuni akamshika mkono, akasema, "Uache uungue, Mama."

Alikata roho kabla litania haijamaliza watakatifu, mkono wake ukiwa palepale.

Tunamshukuru tabibu Jos aliyekuja na punda wake kila alipoitwa, hata pale ambapo mgonjwa alimpokea kwa mzaha, tunawashukuru majirani zetu wa mashamba ya zabibu kwa nta ya mishumaa, na wanovisi kwa kuchimba kaburi udongo ukiwa mgumu. Baada ya mazishi karibuni mezani, na mkate mtakaopewa msiuulize, ni ule wa Jumamosi, tumeukwangua tulivyoweza na weusi haukutoka wote.

Pumzika, Mama Gerhus. Tulikuja mbio.