Risala ya Nyumba Nzima kwa Kaka Aliyecheka Peke Yake

Mgeni rasmi, kaka yetu, fundi wa friji na mtoto wa kwanza wa nyumba hii;
Sista, muuguzi uliyemsindikiza;
Mama, naomba ukae. Chai atajimiminia mwenyewe.

Sisi watu wa nyumba hii tuna furaha kubwa kukuona umeketi kwenye kiti hicho chenye vitambaa, ambacho miaka yote kilikuwa cha wageni na wewe ukifukuzwa. Usishangae kusomewa risala sebuleni kwenu. Sista alituambia tukae nawe tuseme yaliyo moyoni. Baba akaitikia, akaenda kutafuta karatasi yenye mistari. Unamjua: miaka thelathini na moja karani wa bohari, na hakuna bosi aliyekuja kukagua akaondoka bila kusomewa risala. Wenzake huomba radhi kwa mdomo, yeye bila kichwa cha habari hawezi. Nasoma mimi mdogo wako kwa sababu jana alipojaribu mwenyewe alifika kwenye "Mgeni rasmi" akaenda kunawa uso.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, una miaka thelathini na minne. Ulianza kuumwa ukiwa na ishirini na sita, ukawa unasikia sauti zinakutukana wakati sisi hatusikii kitu. Umelazwa mara tatu. Kila mara hospitali inakurudisha kwetu umetulia, umenawiri, na kila mara haipiti miezi miwili tunakurudisha kwao. Sisi tulikuwa tukizilaumu dawa. Mjomba aliwalaumu majirani. Mwezi uliopita Sista akatuketisha kwenye benchi la korido, akasema: "Ugonjwa hamkuuleta nyinyi. Lakini kila ukija mnautengea kiti."

Mama alinuna siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Yule binti ana mdomo, ila hajasema uongo." Samahani Sista, tumenukuu kama ilivyosemwa.

MAFANIKIO

Ni machache, tusidanganyane. Komeo la nje la mlango wa chumba chako limeng'olewa, limewekwa la ndani. Kazi hiyo kafanya Mjomba mwenyewe, ndiyo maana kidole chake kimefungwa bandeji. Visu vimerudi jikoni. Kila uliporudi tulikata vitunguu kwa kifuniko cha kopo ili wewe uwe salama, na waliojikata ni sisi. Baba naye amejifunza kwamba kulala mpaka saa nne asubuhi ni dawa inafanya kazi, si uvivu. Amejifunza, kuzoea bado.

CHANGAMOTO

Changamoto kubwa, mgeni rasmi, ni sisi.

Tuanze na Mama. Anakupenda mpaka unakosa pa kukanyaga. Anakupulizia chai. Anasimama nje ya bafu: "Umemaliza? Mbona kimya? Mbona unaimba?" Mtu akikuuliza hali, anajibu yeye: "Tumeamka salama, dawa tumekunywa." Wewe unabaki mdomo wazi kama uko kwa daktari wa meno. Mama anasema anajua, niendelee mbele.

Baba ni kinyume chake. "Mwanaume mzima!" Hilo lilikuwa linatangulia hata salamu. Mara mtoto wa fulani anajenga, mara mtoto wa fulani kaoa. Na Mjomba, wewe ukiwa umekaa palepale mbele yake, anatuuliza sisi: "Huyu leo yukoje?" Jamani, si angekuuliza wewe mwenyewe?

Halafu kulikuwa na daftari. Baba, ulisema lisomwe, haya nalisoma. Baba aliandika mwenendo wako kila siku kwa saa na dakika, kama alivyokuwa akiandika magunia yakiingia bohari. "Saa 4:15, ameamka, amenuna. Saa 7:40, amekula, hakusifu. Saa 9:10, amecheka peke yake. Hakuna aliyesema jambo la kuchekesha."

Hiyo saa tisa na dakika kumi ndiyo iliyotuponza. Ulikuwa chumbani, waya za redio masikioni, unasikiliza kipindi cha vichekesho. Ukacheka. Baba akaandika. Mama akasema, "Ameanza," machozi yakamtoka. Mjomba akaitwa, akaja na vijana wawili wa jirani wenye vifua. Ulipotoa waya masikioni ukakuta watu wamejaa mlangoni wanakukodolea macho. Ukauliza, "Kuna msiba?" Mama akakushika uso, Mjomba akakushika mkono. Ukasema tukuachie. Hatukukuachia. Ukapiga kelele, nasi tukatazamana: si mnaona?

Ulikuwa mzima, kaka. Ulikuwa mzima kama mimi ninayesoma hapa. Baada ya vurugu ile hukupata usingizi siku tatu, na siku ya nne sauti zikarudi kweli. Tukakupeleka hospitali tukijisifu kwamba tuliwahi. Tunaona aibu, na tumeona aibu hiyo kila siku tangu tulipoelewa. Sista anasema wodini wenzako wakicheka wewe unakaza midomo. Ulijifunza kwetu hilo.

MAOMBI

Una ruhusa ya siku tatu. Keshokutwa utamwambia Sista kama unarudi kuishi hapa, au unahamia kile chumba cha nyuma ya karakana alichokupa bosi wako. Rasimu ya kwanza ya risala hii ilisema "tunakuomba urudi," na Baba akapigia mstari mara mbili. Sista akauliza: mnaomba au mnaamuru? Basi tukaandika upya.

Tunaomba uchague. Ukichagua kile chumba, Baba atashika kitanda upande mmoja mpaka kifike, tena bila hotuba. Mama atakuja akiitwa tu. Ahadi hiyo imetuchukua majuma mawili kuipata kwake, tafadhali mwite hata mara moja kwa wiki.

Ukichagua hapa, tunaomba ukituona tumezidi utuambie wazi: "Mmeanza." Tulikusema hivyo miaka minane, sasa ni zamu yako. Mjomba ameomba asiambiwe mbele ya watu. Ombi lake limekataliwa.

Ombi la mwisho halimo kwenye karatasi ya Baba. Ni langu, na wazee wanalisikia leo kwa mara ya kwanza. Mwaka juzi wenzangu wa chuo walikuja hapa ghafla. Ukatoka chumbani na kaptula, nywele hujachana. Mmoja akaniuliza, "Huyu nani?" Nikasema, "Fundi. Amekuja kuangalia friji."

Lilinitoka haraka, hata sikutafuta maneno. Wewe hukunitazama vibaya. Ulipiga magoti, ukafungua friji, ukashikashika kule nyuma, ukasema, "Gesi imepungua kidogo, dada. Nitapita tena." Ukatoka kwa mlango wa jikoni, ukakaa uani juani mpaka walipoondoka. Friji ilikuwa nzima. Na mpaka leo hujanitajia.

Nimeficha hili miaka miwili huku nikimcheka Baba na daftari lake. Nisamehe, kaka. Ukienda kwenye kile chumba nitakuja kubisha hodi, na bosi wako akiuliza mimi nani, nitamjibu mafundi wote wasikie: mimi ni mdogo wake. Na kama hutaki nije, nitaelewa, maana siku ile wewe ulinielewa.

Mungu akujalie usingizi mnono, na asubuhi ambayo hakuna mtu anaichungulia. Akupe nguvu ya kazi yako, akupe na uvumilivu, maana watu wenyewe ndio hawa.

Ni sisi,
familia yako, ukitukubali.